Dkt. Takashi Nagai: Tabibu Aliyetazama Vifua vya Wengine

Wengi wetu tumewahi kupigwa picha ya kifua. Unavua shati, unabana kifua kwenye ubao wa baridi, unaambiwa uvute pumzi na kuishikilia, na baada ya sekunde chache kazi imekwisha. Anayepiga picha huwa amekwenda kusimama nyuma ya ukuta. Kuna daktari Mkatoliki aliyefanya kazi hiyo miaka mingi pasipo kinga ya kutosha, na ikamgharimu uhai. Tunapenda kumkumbuka.

Takashi Nagai alizaliwa Matsue, nchini Japani, tarehe 3 Februari 1908. Baba yake alikuwa tabibu. Mwaka 1928 aliingia chuo cha udaktari cha Nagasaki, na huko akaamini kuwa binadamu ni mwili tu: mifupa, nyama na damu, basi. Mwaka 1930 mama yake alipokuwa anakata roho, alimtazama mwanawe kwa namna ambayo kijana huyo hakuweza kuieleza kwa somo lolote alilofundishwa. Akaanza kusoma Mawazo ya Blaise Pascal, mwanasayansi aliyesali. Akahamia kwa familia ya Moriyama huko Urakami, mtaa wa wazao wa Wakristo walioishika imani kwa siri zaidi ya miaka mia mbili bila padre.

Alipokuwa anamaliza masomo, ugonjwa uliharibu usikivu wa sikio lake. Daktari asiyesikia vizuri atasikilizaje mapafu ya mgonjwa? Ndipo akaelekezwa kwenye eksirei, tawi ambalo wakati huo wengi hawakulitamani. Asichoweza kukisikia, atakitazama. Mwaka 1934 alibatizwa kwa jina la Paulo, kwa heshima ya Mtakatifu Paulo Miki, mfiadini wa Nagasaki, na mwaka huohuo akamwoa Midori, binti wa nyumba ile.

Tueleze kidogo kazi yake. Mionzi hupita kwa urahisi penye hewa na kuzuiwa na mifupa. Mapafu yenye afya yamejaa hewa, kwa hiyo palipo na ugonjwa hutokea kivuli. Kivuli hicho hakijitaji jina: chaweza kuwa kifua kikuu, nimonia au saratani, na uvimbe mdogo waweza kujificha nyuma ya ubavu au moyo. Hadi leo picha ya kifua humwonyesha daktari mahali pa kuuliza. Jibu hutafutwa kwa vipimo vingine.

Katika Japani ya miaka ile kifua kikuu kiliua watu wengi mno, hasa vijana, na kukiwahi mapema kulihitaji kutazama vifua vya watu wengi. Vita vilipokolea, filamu zikaadimika. Nagai akatumia njia ya moja kwa moja: mgonjwa alisimama kati ya mashine na kioo kinachong'aa, naye daktari akatazama kioo hicho kutoka upande wa pili. Mionzi iliyopita kwa mgonjwa ilimfikia na yeye. Mgonjwa alipigwa kwa muda mfupi tu, lakini daktari alibaki palepale kumngoja anayefuata. Nagai aliijua hatari hiyo, maana wataalamu wa mionzi waliomtangulia walikuwa wamekwisha kufa kwayo.

Juni 1945 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akakadiriwa miaka miwili au mitatu ya kuishi. Alimweleza Midori, wakasali, naye akarudi kazini.

Tarehe 9 Agosti, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lililipuka juu ya Urakami. Nagai alikuwa hospitalini, umbali wa mita 700 hivi. Mshipa wa kichwani ulikatika, lakini alihudumia majeruhi huku akivuja damu. Siku ya tatu alifika nyumbani. Alikuta mifupa ya Midori iliyoungua, na karibu nayo rozari iliyoyeyuka. Watoto wao wawili walisalimika kwa kuwa walikuwa kwa bibi yao, nje ya mji.

Novemba mwaka ule, katika Misa ya marehemu kwenye magofu ya Kanisa Kuu, Nagai aliwafananisha waamini waliokufa na mwanakondoo wa sadaka ya kuteketezwa. Maneno hayo yaliwafariji wengi, na wengine, wakiwemo Wakatoliki, wameyapinga. Sisi tunaojifunza kupima hoja tunaona uzito wa pingamizi hilo. Sadaka hutolewa na mwenye nayo, na watoto wa Urakami hawakuulizwa. Tukisema Mungu aliwachagua, twaweza kuwasahau wanadamu waliopigana vita na walioangusha bomu. Lakini Nagai mwenyewe alikuwa na haki ya kutumia neno sadaka kwa maisha yake. Alisimama mbele ya mionzi kwa hiari, siku baada ya siku, kwa ajili ya watu ambao wengi wao hakuwajua majina.

Miaka yake ya mwisho aliilala kitandani katika kibanda kidogo alichokiita Nyokodo, jina linalotokana na amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako. Humo aliandika vitabu, kikiwemo Kengele za Nagasaki, kilichochapishwa 1949.

Alifariki tarehe 1 Mei 1951, akiwa na miaka 43. Alitaka afie hospitalini ili wanafunzi wa udaktari wauone ugonjwa wake katika hatua ya mwisho, na mwili wake uchunguzwe. Aliyetumia maisha kutazama ndani ya wengine aliruhusu naye atazamwe.

Tutakaopewa siku moja kuingia ndani ya maisha ya watu, katika kitubio na kando ya vitanda vya wagonjwa, tuna cha kujifunza kwake. Hakutafuta ukuta wa kusimama nyuma yake.