Baker, mzungu aliyetumia ngoma kuokoa mtarakwa

Atembeaye vijiji vya karibu na Kehancha, Kaunti ya Migori, hakosi kuona athari za tumbaku. Kwa miaka mingi majani yake yamekaushwa kwa moto wa kuni, na miti mingi ikakatwa kuliko iliyopandwa. Mtihani kama huo ulimkabili Richard St. Barbe Baker nchini Kenya yapata karne moja iliyopita.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, huko Hampshire, Uingereza. Baada ya kujeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisomea elimu ya misitu Cambridge, na mnamo 1920 akatumwa Kenya kuwa afisa wa misitu.

Nyanda za juu za Wakikuyu wakati huo zilisifika kwa mtarakwa. Mti huo hukua polepole mno. Kiini chake chekundu hunukia, hakiliwi na mchwa wala hakiozi upesi. Sifa hizo ndizo zilizouponza: ulikatwa ukawa nguzo za ua, vibao vya kuezekea na penseli. Walowezi walifyeka misitu, nao wenyeji waliobanwa katika maeneo finyu wakafyeka ili wapate pa kulima.

Baker alipowahimiza wazee wapande miti, walimjibu kuwa hilo lilikuwa shauri la Mungu. Hakubishana nao. Alikuwa ametambua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna, lakini miti haikuwa na yake. Akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, babake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu, aliandaa ngoma ya miti karibu na Muguga mnamo Julai 1922.

Vijana wapatao 3,000 walihudhuria na 50 wakateuliwa. Waliapa mbele ya Ngai kulinda misitu na kupanda miti 10 kila mwaka. Wakaitwa Watu wa Miti. Miche ya mtarakwa na mzeituni mwitu ilipandwa katikati ya mahindi na viazi vikuu, ili mkulima asilazimike kuchagua baina ya chakula na msitu.

Hata hivyo, Baker aliitumikia serikali iliyowapokonya wenyeji ardhi, na dhuluma hiyo haikuweza kutibiwa kwa ngoma wala kwa kiapo.

Mnamo 1924 alianzisha tawi la chama hicho Uingereza, kisha kikaenea nchi nyingi. Alifanya kazi Nigeria, akatetea miti mikubwa ya California, na kati ya 1952 na 1953 akavuka jangwa la Sahara. Alifariki Juni 9, 1982, mjini Saskatoon, Canada, akiwa na umri wa miaka 92, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Apandaye mtarakwa huwapandia wajukuu. Baker alifahamu kwamba amri pekee haiwezi kumshawishi mtu kufanya kazi ya namna hiyo. Sharti aione kuwa sherehe yake mwenyewe. Kuria nako, mkulima atapanda kwa moyo ikiwa mti hautamnyima shamba la chakula.