Bea Arthur: mchekeshaji aliyewakumbuka vijana waliofukuzwa nyumbani

Mjini New York, Marekani, kuna nyumba yenye vitanda 18 inayoitwa kwa jina la mwigizaji wa vichekesho. Wanaolala humo ni vijana wasio na pa kukaa. Wengi wa vijana wa aina hiyo walifukuzwa nyumbani, au waliondoka wenyewe kwa mateso, baada ya wazazi kujua kwamba wanapenda watu wa jinsia yao au hawajioni kuwa wa jinsia waliyozaliwa nayo. Mwigizaji huyo ni Bea Arthur. Leo tunasimulia maisha yake, na jinsi jina lake lilivyofika kwenye nyumba hiyo.

Alizaliwa New York tarehe 13 Mei 1922, katika familia ya Kiyahudi, akaitwa Bernice Frankel. Alikulia Cambridge, mji mdogo wa jimbo la Maryland, ambako wazazi wake walikuwa na duka la nguo. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba sisi tunaofanya kazi ya redio tunaionea wivu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la wanamaji la Marines, akawa mpiga chapa kisha dereva wa lori. Vita vilipokwisha alisomea uigizaji, akafanya kazi jukwaani kwa miaka mingi. Mwaka 1966 alipata tuzo ya Tony.

Televisheni ilimpata akikaribia miaka 50. Mwaka 1971 aliigiza kama Maude, mwanamke asiyeogopa kusema lolote, katika kipindi cha All in the Family. Watazamaji walimpenda, na mwaka uliofuata Maude akapewa kipindi chake mwenyewe.

Tukumbuke Marekani ya wakati ule ilikuwaje. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi, na hadi 1973 chama cha madaktari wa akili kiliyahesabu kuwa ugonjwa. Katika vichekesho, mwanamume wa namna hiyo alionyeshwa ili achekwe tu. Mwaka 1977 kipindi cha Maude kiligeuza kicheko. Jirani yake Arthur, daktari na mtu wa heshima, alitaka baa ya mashoga ifungwe, na Maude akampeleka huko ajionee mwenyewe. Aliyechekesha usiku ule ni Arthur na hofu yake. Wateja wa baa walikuwa watu wa kawaida, wanakunywa na kuzungumza.

Mwaka huohuo, wapiga kura wa eneo la Miami walifuta kanuni iliyowalinda watu hao wasibaguliwe kazini na katika nyumba za kupanga. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, Bea Arthur alirudi kwenye televisheni na kipindi kilichowekwa Miami hiyohiyo: The Golden Girls. Wanawake wanne wenye umri mkubwa wanaishi nyumba moja. Bea alikuwa Dorothy, mwalimu aliyeachwa na mumewe. Wengine ni Rose, Blanche, na Sophia, mama yake Dorothy. Kilionyeshwa Jumamosi usiku, saa ambayo bibi na mjukuu wangeweza kuketi mbele ya televisheni moja.

Katika kipindi kimoja cha mwaka 1986, rafiki wa Dorothy aitwaye Jean anakuja kuwatembelea. Jean amefiwa na mwanamke aliyekuwa mwenzi wake, na sasa anaanza kumpenda Rose. Dorothy anamuuliza mama yake angefanyaje kama mmoja wa watoto wake angekuwa hivyo. Mama anamjibu kwamba angempenda vilevile. Blanche naye anakasirika, si kwa sababu ya jambo lenyewe, bali kwa sababu Jean amemchagua Rose akamwacha yeye.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Dorothy alikuwa na kaka aitwaye Phil, ambaye hakuonekana kamwe kwenye skrini. Phil alikuwa na mke na watoto, ila alipenda kuvaa nguo za wanawake, na kwa miaka mitano kipindi kilimfanya mzaha. Kisha, Desemba 1990, Phil akafa ghafla. Sophia anagombana na mke wa marehemu badala ya kulia. Kidogo kidogo linatoka lililofichika: kila alipomtazama mwanawe alijiuliza alikosea wapi katika kumlea, na aibu hiyo ilimla miaka yote. Anapolia, mtoto ameshakufa. Kwetu hiki ndicho kipindi chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu mtazamaji aliyekuwa akicheka mizaha ya Phil alijikuta msibani pamoja na mama yake.

Wiki chache baadaye, Januari 1991, kaka yake Blanche alikuja na mwanamume anayetaka kufunga naye ndoa. Hakuna jimbo la Marekani lililoruhusu ndoa hizo hadi 2004. Blanche anawaza watu watasemaje. Sophia anamuuliza kwa nini yeye mwenyewe aliolewa, na Blanche anakuta sababu zake na za kaka yake ni zilezile.

Bea Arthur hakuandika maneno hayo, aliyaigiza. Na kicheko sebuleni hakikumzuia kila mzazi kufunga mlango. Mwaka 2002 shirika la Ali Forney Center lilianzishwa New York kuwahifadhi vijana waliotupwa, likiitwa kwa jina la kijana wa mitaani aliyeuawa mwaka 1997. Mwaka 2005 Bea, akiwa na miaka zaidi ya 80, alilifanyia onyesho la kuchangisha fedha.

Alifariki Los Angeles tarehe 25 Aprili 2009, akiwa na miaka 86. Wosia wake uliposomwa, ilionekana amewaachia vijana hao dola 300,000. Nyumba ya vitanda 18 ilifunguliwa mwaka 2017.