Lise Meitner na Elementi ya 109

Mkulima wa Handeni hulima shamba lake la mahindi kwa jembe la chuma. Huko Magambazi, katika wilaya hiyo hiyo, wachimbaji hupasua miamba wakitafuta dhahabu. Huko Kalalani, katika wilaya ya Korogwe, wengine huchimba vito vya thamani, ambavyo vingi vina alumini iliyoungana na oksijeni. Chuma, dhahabu na alumini ni elementi. Zilikuwamo ardhini kabla ya binadamu kuwapo, na mchimbaji huzitoa tu.

Lakini zipo elementi ambazo huwezi kuzipata hata ukichimba Handeni na Korogwe nzima mpaka ufike baharini. Hizo hutengenezwa na wanasayansi, atomi moja moja, nazo hutoweka upesi mno. Mojawapo huitwa meitneriamu. Imepewa jina la mwanamke aliyeitwa Lise Meitner, ambaye habari zake tutazisoma katika somo hili.

Kwanza tukumbuke jambo moja. Katikati ya kila atomi kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayotambulisha elementi. Atomi yenye protoni 26 ni chuma, yenye 79 ni dhahabu, na yenye 82 ni risasi. Atomi yenye protoni 92 ni urani, ambayo ni nzito kuliko elementi nyingine zote zinazopatikana kwa wingi ardhini.

Nchini kwetu mawe yenye urani yalipatikana zamani katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambao umepakana na mkoa wa Tanga. Wakati wa utawala wa Wajerumani mawe hayo yalipelekwa Ulaya. Karibu na mwaka 1915 wanakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi iliyokuwamo ndani yake, wakaona ni nyepesi kidogo kuliko risasi ya kawaida. Sababu ni kwamba risasi hiyo ilitokana na urani yenyewe, iliyokuwa ikibadilika polepole kwa mamilioni ya miaka. Kumbe viini vya atomi nzito havikai vilivyo milele. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo aliyoyachunguza Lise Meitner kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Lise alizaliwa mjini Vienna, nchini Austria, mwezi Novemba mwaka 1878. Baba yake alikuwa mwanasheria, na Lise alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanane. Siku hizo msichana wa Vienna alimaliza shule akiwa na umri wa miaka 14. Chuo kikuu kilikuwa cha wavulana peke yao mpaka mwaka 1897. Lise alikuwa amekwisha kupitwa na miaka mingi ya masomo, basi akajifunza kwa mwalimu wa nyumbani, usiku na mchana, mpaka akafaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu mwaka 1901. Mwaka 1906 alipata shahada ya udaktari katika fizikia.

Mwaka 1907 alikwenda Berlin, Ujerumani. Huko alianza kushirikiana na mwanakemia kijana, Otto Hahn. Mkuu wa taasisi ya kemia hakutaka wanawake katika jengo lake. Alimkubali Lise kwa sharti kwamba afanye kazi katika chumba cha chini, kilichokuwa karakana ya seremala, na asipande ghorofani zilikokuwa maabara nyingine. Hahn alipanda na kushuka apendavyo. Lise alipita mlango wa pembeni. Tena kwa miaka ya mwanzo hakulipwa mshahara wowote. Hata hivyo kazi ya wawili hao ilikuwa nzuri, na kabla ya miaka mingi jina lake likajulikana.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipiga picha za eksirei za askari waliojeruhiwa. Mwaka 1918 yeye na Hahn walitangaza kwamba wameipata elementi ya 91, protaktiniamu. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia nchini Ujerumani.

Mwaka 1934 mwanafizikia wa Italia, Enrico Fermi, alianza kupiga urani kwa nyutroni. Wataalamu walitarajia kwamba kiini cha urani kikimeza nyutroni kitageuka kuwa elementi nzito zaidi, ya 93 au ya 94. Lise Meitner akawavuta Hahn na mwanakemia mwingine, Fritz Strassmann, waichunguze habari hiyo pamoja. Kwa miaka minne walipiga urani, wakapima mionzi, wakaandika orodha ya vitu walivyodhani ni elementi mpya. Lakini hesabu zao zilikuwa hazikubaliani vizuri, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kazi hiyo ilikatizwa na siasa. Tangu mwaka 1933 Ujerumani ilitawaliwa na Hitler, na watu wa asili ya Kiyahudi walifukuzwa kazini na kuteswa. Jamaa ya Lise ilikuwa ya Kiyahudi. Mwanzoni uraia wake wa Austria ulimkinga, lakini mwezi Machi mwaka 1938 Ujerumani iliiteka Austria, na pasi yake ikawa haina maana. Mwezi Julai alitoroka kwa garimoshi kwenda Uholanzi. Alichukua mizigo midogo, pesa kidogo sana, na pete ya almasi aliyopewa na Hahn ili aitumie kuwahonga walinzi wa mpakani ikibidi. Haikubidi. Kutoka hapo alikwenda Sweden, akiwa na umri wa karibu miaka 60, bila vyombo vyake na bila wenzake.

Mwezi Desemba mwaka huo Hahn alimwandikia barua. Yeye na Strassmann walikuwa wameona katika urani iliyopigwa kitu kisichoelezeka: bariamu. Bariamu ina protoni 56 tu. Walitafuta elementi nzito kuliko urani, wakakuta elementi iliyo karibu nusu yake!

Lise alikuwa katika mji mdogo wa Kungälv kwa siku za Krismasi, pamoja na mtoto wa dada yake, Otto Robert Frisch, ambaye naye alikuwa mwanafizikia. Walitoka kutembea thelujini wakiijadili barua hiyo. Walikumbuka kwamba kiini kizito hufanana na tone la maji.

Wewe pia unaweza kuliona wazo lao. Mahali penye maji, kama kando ya Mto Pangani huko Korogwe, huota magimbi. Chuma jani moja, ulishike likiwa limelala sawasawa, kisha dondoshea juu yake tone dogo la maji. Tone litakaa kama ushanga. Ongeza maji mpaka tone liwe kubwa. Utaliona likibonyea na kutikisika. Sasa lisukume taratibu kwa njiti mbili. Litarefuka, litafanya kiuno chembamba kama cha kibuyu, kisha litagawanyika kuwa matone mawili.

Kiini cha urani ni kama tone lile kubwa. Protoni zake 92 husukumana, na kinabaki kimoja kwa shida. Nyutroni moja ikikigusa, hutikisika, hurefuka na kupasuka vipande viwili. Kipande kimoja kikiwa bariamu chenye protoni 56, kingine lazima kiwe na protoni 36, nacho ni kriptoni. Fanya hesabu hiyo uone. Lise aliketi juu ya gogo, akatoa vipande vya karatasi, akapiga hesabu ya nishati. Vipande viwili vikijumlishwa ni vyepesi kidogo kuliko kiini kizima. Uzito uliopungua umegeuka kuwa nishati nyingi mno kwa atomi moja. Maelezo yao yalichapishwa mwezi Februari mwaka 1939. Hivyo ikajulikana kwamba zile zilizodhaniwa kuwa elementi mpya zilikuwa, kwa sehemu kubwa, vipande vya urani.

Nishati hiyo ilitumiwa upesi kwa vita. Lise alialikwa kushiriki katika kutengeneza bomu la atomi, akakataa. Mabomu mawili yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki, nchini Japani, mwezi Agosti mwaka 1945. Urani nyingi iliyotumika katika kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, katika nchi ya Kongo.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 ilitolewa kwa ajili ya ugunduzi wa kupasuka kwa kiini. Alipewa Otto Hahn peke yake. Wanasayansi wengi wameona kwamba huko kulikuwa kumdhulumu Lise, na mwandishi wa somo hili anaona vivyo hivyo, kwa kuwa mtu aliyeona bariamu na mtu aliyeeleza ilikotoka walikuwa wamefanya kazi moja. Lise Meitner alifariki mjini Cambridge, Uingereza, tarehe 27 Oktoba mwaka 1968. Alikuwa na umri wa miaka 89.

Miaka 14 baadaye, tarehe 29 Agosti mwaka 1982, wanasayansi wa Darmstadt, Ujerumani, wakiongozwa na Peter Armbruster na Gottfried Münzenberg, walikuwa wakipiga bismuthi kwa atomi za chuma. Chuma hicho ni elementi ile ile ya jembe la Handeni, ila kilirushwa kwa mwendo wa karibu sehemu moja ya kumi ya mwendo wa mwanga. Bismuthi ina protoni 83 na chuma 26. Jumlisha: ni 109. Baada ya siku nyingi za kupiga, viini viwili viliungana. Ilipatikana atomi moja tu ya elementi ya 109, ambayo mwaka 1997 ilithibitishwa rasmi kuitwa meitneriamu.

Hakuna aliyepata kuiona meitneriamu kwa macho, wala kuishika, wala kujua rangi yake. Kwa hesabu hudhaniwa kuwa metali nzito sana, inayofanana na iridi. Atomi zake zinazodumu zaidi huishi sekunde chache tu.

Ile atomi ya kwanza iliishi kama sehemu tano za elfu za sekunde. Ikatupa protoni mbili pamoja na nyutroni mbili, ikawa elementi ya 107. Ikatupa nyingine kama hizo, ikawa ya 105, kisha ikageuka kuwa ya 104. Baada ya sekunde kama 13 kiini kilichobaki kilirefuka na kupasuka vipande viwili, kama alivyoeleza Lise Meitner katika theluji ya Kungälv.