Robin Hood, mhalifu aliyemwokolea mtu ardhi yake

Nilimfahamu Robin Hood mwaka 1997, nikiwa kidato cha pili mkoani Tabora, Tanzania. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nikazaliwa huko huko ukimbizini. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kijitabu kimoja kisicho na jalada, darasa zima tukakisoma kwa zamu. Wenzangu walipenda habari za pinde na mishale. Mimi nilinaswa na jambo moja: kwamba mtu anaweza kutangazwa kuwa yuko nje ya sheria.

Katika Uingereza ya karne ya 13, aliyeitwa mahakamani mara kadhaa asitokee alitangazwa hivyo. Alinyang'anywa mali yake, na kwa desturi ya zamani aliyemuua hakuwa na kosa, kama vile ameua mbwa mwitu. Watoto wa wakimbizi hatukuhitaji kufafanuliwa maana ya kuishi msituni bila chako.

Je, Robin aliishi kweli? Wanahistoria hadi leo hawajakubaliana. Hesabu za serikali ya mfalme za mwaka 1226 zinamtaja Robert Hod, mtoro wa Yorkshire aliyetaifishiwa mali, lakini jina hilo lilikuwa la watu wengi. Kilicho hakika ni kwamba kufikia miaka ya 1370 watu wa kawaida walikwisha kujua mashairi yake, na mnamo mwaka 1500 utenzi mrefu wa maisha yake, A Gest of Robyn Hode, ulichapishwa.

Msomaji, Robin wa utenzi huo si yule wa sinema. Si mtoto wa lodi. Cheo hicho alivishwa na mwandishi wa tamthilia Anthony Munday mwaka 1598. Ni mtu huru wa kawaida, si bwana wala mtumwa, na anaonekana zaidi Barnsdale, Yorkshire, kuliko msitu wa Sherwood. Marian hayumo. Wenzake wakuu ni Little John, Will na Much mtoto wa msaga nafaka. Amri yake kwao ni kwamba mkulima anayeshika plau asiguswe. Maadui wake ni maaskofu, wakuu wa watawa na Sherifu wa Nottingham.

Siku moja vijana wake walimleta mpanda farasi wa ukoo bora, mwenye huzuni nyingi. Walimlisha, kisha wakamdai malipo ya chakula. Alikuwa na shilingi kumi tu. Mtoto wake alikuwa ameua mtu, naye ili kumwokoa akaweka ardhi yake rehani kwa mkuu wa watawa wa St Mary's, York, kwa paundi 400. Siku ya kulipa ilikuwa imefika, na marafiki wote walikuwa wamemkimbia. Mdhamini pekee aliyebaki naye ni Bikira Maria. Robin akamkubali mdhamini huyo na kumhesabia paundi 400, zilipwe baada ya miezi 12. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua uzito wa mkopo wa namna hiyo! Yule bwana akaenda York, akamwaga fedha mezani mbele ya mkuu aliyekwisha kuihesabu ardhi kuwa yake, na shamba likarudi.

Baadaye Mfalme Edward alimsamehe Robin na kumchukua kuishi kwake. Robin alikaa miezi 15 hivi, fedha zikamwishia, akarudi msituni. Aliishi huko miaka 22. Mwisho wake haukuletwa na Sherifu. Alikwenda Kirklees kutolewa damu, ndiyo iliyokuwa tiba ya siku zile, na jamaa yake mwenyewe, mkuu wa masista, akamsaliti mpaka akafa.

Niliporudi Burundi mwaka 2009 pamoja na baba, tulikuta shamba letu likilimwa na mtu mwingine. Alipewa akiwa kijana, watoto wake wote walizaliwa pale. Mwaka mzima nilimwita Sherifu moyoni mwangu. Kisha nikakumbuka ile amri ya Barnsdale. Yule jirani hakuwa na ngome wala askari; alikuwa na jembe, kama baba yangu. Aliyemnyang'anya baba hakuwa yeye.

Tuligawana shamba nusu kwa nusu mbele ya majirani. Baba hakufurahi, na hata siku ya kufa kwake alikuwa akiitazama ile nusu nyingine. Sikumlaumu. Lakini mpaka wa shamba letu ni mstari wa migomba, na ndizi zinazoangukia upande wowote huliwa na watoto wa pande zote mbili.