John Boyd Dunlop: daktari wa mifugo aliyeshikanisha kitambaa na mpira

John Boyd Dunlop, ambaye jina lake bado linasomeka kwenye matairi duniani kote, hakuwa fundi wala mwanakemia. Alikuwa daktari wa mifugo. Alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 huko Dreghorn, Scotland, akahamia Ireland mwaka 1867 na kufanya kazi mjini Belfast.

Wakati ule magurudumu yalikuwa magumu na barabara za mji zilikuwa za mawe. Mtoto wake Johnny alitikiswa sana kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Dunlop akatengeneza mrija wa mpira, akaujaza hewa, akaufunga kwenye gurudumu la mbao kwa kitambaa cha kitani.

Kitambaa hicho kilikuwa muhimu. Mpira ukiwa peke yake hutanuka na kupasuka hewa inapozidi. Mpira huzuia hewa isitoke, nyuzi huzuia mpira usitanuke. Lakini vitu hivyo viwili visiposhikana vizuri, tairi huharibika.

Mwaka 1888 alipewa hati ya uvumbuzi. Mwezi Mei 1889, Willie Hume alitumia matairi hayo na kushinda mashindano ya baiskeli Belfast. Baadaye hati ilibatilishwa, kwani Robert William Thomson, naye wa Scotland, alikuwa ametangulia kuandikisha wazo hilo katika miaka ya 1840.

Biashara ya matairi iliongeza sana haja ya mpira. Nchini Kongo, chini ya utawala wa mfalme Léopold II wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kuingia porini kutafuta utomvu. Walioshindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, na wengi waliuawa au kukatwa mikono.

Dunlop aliachana na kampuni mwaka 1895. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, bila kupata utajiri mkubwa ambao wengine waliupata kwa jina lake.

Kazi ya kushikanisha nyuzi na mpira iliendelea. Pamba ilishika mpira kwa vinyweleo vyake, lakini nyuzi za viwandani kama rayoni ni laini na ziliteleza. Katika miaka ya 1930 wanakemia walianza kuzichovya kwenye mchanganyiko wa resosinoli, fomaldehaidi na utomvu wa mpira. Njia hiyo ingali inatumika kwenye matairi ya leo.