Joy Adamson: Mchoraji wa maua aliyefunikwa na umaarufu wa simba

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu mjini Isiolo kisha akarejeshwa mwituni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla Elsa hajazaliwa, mwanamke huyo alikuwa tayari amejipatia sifa kwa kazi ya kimya zaidi. Alichora maua ya mwituni ya Afrika Mashariki kwa usahihi uliomwezesha mtaalamu kuutambua mmea kwa kuitazama picha.

Hakuwa na shahada ya sayansi ya mimea. Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary na ambao leo unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimpa jina Friederike Viktoria Gessner. Akiwa kijana mjini Vienna alijifunza kinanda, ushonaji na uchongaji, akawahi pia kufikiria udaktari, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kazi yake ya maisha.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa asili ya Kiyahudi. Utawala wa Wanazi ulipozidi kutisha katika nchi jirani ya Ujerumani, mume huyo alimtuma Kenya mwaka 1937 kuchunguza kama wangeweza kuhamia huko. Akiwa melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally aliyempa jina la Joy, ambalo dunia ingekuja kumjua kwalo.

Bally alifanya kazi katika Makavazi ya Coryndon mjini Nairobi, taasisi iliyokuja kuwa sehemu ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 1938 mke na mume walikuwa katika msafara wa utafiti kwenye vilima vya Chyulu, na hapo ndipo Joy alipoanza kuchora maua aliyoyaona njiani. Mumewe alimhimiza aendelee, kwa sababu kazi hiyo ilijaza pengo lililowasumbua wataalamu wa mimea kwa muda mrefu.

Pengo lenyewe lilikuwa hili. Mtafiti akichuma mmea, huubana kati ya karatasi hadi ukauke, kisha huuhifadhi kwa miaka mingi. Lakini ua likikauka hupoteza rangi. Mmea unaohifadhi maji katika shina lake, kama ilivyo mingi ya nchi kavu, hunyauka na kupoteza umbo lake kabisa. Bally mwenyewe alibobea katika mimea ya namna hiyo, na mwaka 1961 alichapisha kitabu kuhusu jamii moja ya mimea hiyo iitwayo Monadenium. Mtu wa aina yake alihitaji mkono wa kuandika kwa rangi kile ambacho karatasi ya kukaushia isingeweza kukihifadhi.

Joy alikuwa na mkono huo. Alichora mmea ungali hai, kabla joto halijaulegeza. Mchoro wa namna hiyo hauna nafasi ya kupamba. Idadi ya majani ya ua, namna jani linavyoshikana na shina, vinyweleo vilivyo upande wa chini wa jani: vyote ni alama za kuutenganisha mmea mmoja na ndugu yake. Mchoraji akikosea alama moja, picha hubaki kuwa nzuri ukutani lakini humpotosha mtafiti. Michoro yake ilitumika katika vitabu kadhaa vya mimea ya Afrika Mashariki, na mwaka 1947 Shirika la Kifalme la Kilimo cha Bustani la Uingereza lilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Kufikia wakati huo maisha yake yalikuwa yamegeuka tena. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake Isiolo. Eneo la George lilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi pana na kame iliyojumuisha bonde la mto Ewaso Nyiro, kuanzia karibu na Isiolo, kupitia Merti, hadi upande wa Sericho na vinamasi vya Lorian ambako maji ya mto huo hupotelea. Safari za mumewe, kwa ngamia, kwa punda na kwa gari, zilimfungulia Joy nchi ambayo wachoraji wachache walikuwa wameifikia. Katika sehemu hizo ardhi huonekana kama imekufa kwa miezi, kisha mvua ikinyesha huchanua kwa siku chache tu. Asiyekuwepo siku hizo hakuona kitu.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya asili. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi na kutoa mamia ya picha, na mwaka 1967 alichapisha kitabu kuhusu jamii hizo. Yalikuwa macho ya mgeni, tena aliyeajiriwa na watawala. Hata hivyo, uangalifu uleule aliouelekeza kwenye maua aliuelekeza kwenye shanga, ngozi na mitindo ya nywele, na vingi kati ya vitu hivyo vimekwisha kutoweka.

Februari 1, 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote, Elsa, alibaki. Wenzi hao walimfundisha kuwinda na kumwachilia katika eneo la Meru, ambako alizaa watoto wake mwenyewe mwishoni mwa mwaka 1959. Kitabu cha Joy kuhusu simba huyo, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu yake ikafuata mwaka 1966. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Tangu hapo mchoraji wa maua akasahauliwa. Joy aliendelea kulea na kuwaachilia wanyama, kwanza duma aliyeitwa Pippa huko Meru, kisha chui aliyeitwa Penny katika hifadhi ya Shaba, Isiolo, kando ya mto uleule wa Ewaso Nyiro. Mapato ya vitabu vyake aliyaelekeza katika uhifadhi. Lakini waliofanya kazi naye walimjua pia kuwa mwanamke mkali, mgumu kuishi naye, na aliyegombana mara kwa mara na wafanyakazi wake.

Januari 3, 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake huko Shaba. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba, na wengi waliziamini kwa kuwa zilifanana na maisha yake. Majeraha yalipochunguzwa kwa makini, ilibainika kwamba alichomwa kwa silaha yenye ncha kali. Mwaka uliofuata kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia ya mauaji hayo. Majivu ya mwili wake yalipelekwa Meru, yakatawanywa penye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majangili huko Kora mwaka 1989.

Leo kazi aliyoianza kwa brashi huendelezwa kwa kamera na simu. Januari 2016, wananchi wa kawaida walijitokeza Isiolo na kaunti jirani kupiga picha pundamilia wa Grevy. Walitakiwa kupiga ubavu wa kulia tu, kwa kuwa milia ya kila mnyama ni ya kwake peke yake, na kwa picha hizo kompyuta iliweza kumtambua mmoja mmoja na kukadiria idadi yao.

Kwa viumbe wadogo kazi ni ngumu zaidi. Nzi wa maua, wadudu wanaoelea hewani mbele ya ua wakijifananisha na nyuki, wana mabawa mawili ilhali nyuki ana manne. Lakini kutenganisha aina moja ya nzi hao na nyingine mara nyingi huhitaji kuonekana kwa mishipa ya bawa, uso na miguu. Kijana wa Sericho anayempiga picha mdudu huyo juu ya ua la mgunga baada ya mvua anakabiliwa na swali lilelile alilokabiliana nalo Joy Adamson: ni alama gani ionekane ili mtu aliye mbali, ambaye hatafika hapo kamwe, aweze kusema hiki ni kiumbe gani?

Joy alilijibu swali hilo kwa kuketi mbele ya mmea mpaka amalize kuutazama.