JESSE LIVERMORE NA SOKO LA HISA

Leo nawaletea habari za Jesse Livermore, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1877. Akiwa na miaka 14 tu, mdogo kuliko mimi, alitoka shambani kwa babake akaajiriwa Boston kuandika bei za hisa ubaoni. Hapo ndipo alipojifunza mwendo wa soko. Mwaka wa 1929 alihisi kwamba soko la New York litaanguka. Akaazima hisa, akaziuza zikiwa ghali, kisha akazinunua kwa bei ya kutupa na kuwarudishia wenyewe. Inasemekana alipata dola milioni 100! Lakini hakujua kuacha. Kufikia 1934 alikuwa amefilisika, na 1940 akajitoa uhai. Wenzangu, aliyepatia jana asidhani atapatia kila siku. Mpanda ngazi hushuka.